Marehemu Hakustaafu

Hamriya, Maskati
3 Machi 1996

Masouda, mdogo wangu wa tumbo moja,

Assalamu alaykum. Huku sote wazima, ila goti langu la kushoto limeshajitenga na mimi, linakwenda litakavyo. Wifi yako Balqis anakusalimu. Karafuu ulizompa yule mgeni zimefika nusu, nyengine nadhani katilia chai njiani. Khitma ya marehemu mumeo Badr tuliisoma kabla ya Ramadhani kama kila mwaka, na halwa ilikuwa nzuri hata watu wakawa na haraka ya kumaliza kusoma. Nisalimie Khalati Nasriya, mbusu mikono kwa niaba yangu. Duka langu la kutengeneza majiko lipo, wateja ndio hawapo. Siku hizi mtu jiko likimharibikia analitupa, ananunua jengine, na mie nimekaa mlangoni na bisibisi yangu nnapiga miayo.

Sasa khasa lililonifanya nishike kalamu. Mji umekumbuka! Usicheke, Masouda. Kila duka la hapa likikata leseni litatozwa kidogo, na fungu hilo litakuwa pensheni ya wale waliojitolea kuzima moto zamani, kabla ya gari jekundu na vijana wenye kofia za chuma kufika mitaa yetu. Yaani sisi, wazee wa ndoo. Idara inayohusika siitaji jina, maana barua hufunguliwa. Wameunda na kamati, na mwenyekiti wake ni nani? Sleyum! Sleyum wa duka la nguo, yule aliyekuwa kalala dukani mchana moto wa mwaka sabini na saba ulipozuka, akatoka mbio na kikoi kimoja. Naye kajiandikisha kuwa alijitolea. Nikamwambia mbele ya watu, "Sleyum, weye hukujitolea, weye ulijitoa." Watu walicheka mpaka wakamwaga kahawa, ila yeye hakucheka.

Nimeandikisha kikosi chetu: mie, Hilal fundi bomba, Said Mpemba na Ghulamu muoka mikate. Kila mmoja anatakiwa shahidi aliyeona, na shahidi asiwe mwombaji. Aliyeona na bado ana akili zake ni weye tu. Niandikie basi, bibie, kwamba nilikuwa zimamoto wa kujitolea, ukaipigishe muhuri kwa kadhi. Duka nikilifunga sina pahala pengine pa kushika.

Kaka yako,
Sleiman


Malindi, Unguja
28 Aprili 1996

Kaka Sleiman,

Waalaykum salaam. Barua yako imechelewa kwa sababu uliyempa alishuka Mombasa akaoa kwanza. Mie mzima, nnashona mabuibui yangu, macho ndiyo yanataka kustaafu kabla yangu. Khalati mzima vilevile. Ukimwambia kitu kwa sauti hasikii, ukinong'ona anakujibu.

Nimefurahi kusikia mji wenu umekumbuka. Huku kwetu mji ukiikumbuka nyumba ya mtu huwa umekuja kuibomoa.

Habari ya ushahidi ntaangalia. Kadhi ana watu wengi. Majina nimeyasoma, wanne. Siku ile ya moto wa dukani kwa Sleyum nilikuwa juu ya dari la nyumba nikikumiminieni maji kwa sufuria ya biriani, basi ni kweli, nnaweza kuapa, mwisho wa yote waliotoka kwa miguu yao walikuwa wanne. Walioingia umeandika wangapi? Lakini mie skuli sikwenda mbali, labda hesabu za Maskati ni nyengine.

Mwambie wifi halwa ya khitma safari ijayo asiikoleze hivyo, watu wapate kukumbuka wamekuja kwa ajili ya nani.

Masouda


Hamriya
19 Mei 1996

Masouda,

Salamu nyingi. Joto limeanza, hata kunguru wanatembea kwa miguu. Balqis halwa kaisikia, kanuna.

Hayo ya hesabu tuyaache kwanza. Mie nna haraka na ushahidi. Nilikwenda idarani kutazama mambo yangu yamefika wapi, nikamkuta karani mpya, Mahfoudh, kijana wa watu wa Wete, Kiswahili chake kizuri kuliko Kiarabu chake. Kwanza hakunielewa.

"Mzee, lete cheti cha mshahara wa wakati huo."

"Mshahara gani? Nilijitolea."

"Bila ya mshahara tutajuaje kama ulifanya kazi?"

"Ningekuwa na mshahara ningekuwa sikujitolea!"

"Sasa kama ulijitolea, pensheni unaitakia nini?"

Nikamtazama, akanitazama, tukacheka wote wawili, maana ni swali zuri na hakuna mwenye jibu lake ndani ya jengo lile. Mwisho kaniambia, "Mzee, lete shahidi, mie ntakusaidia." Sleyum keshapita. Kaleta mashahidi sita, wote wapangaji wake, wanaapa kuwa alizima moto mbele yao. Mmoja wao mwaka huo alikuwa hajazaliwa.

Nakuomba, Masouda. Usinizungushe.

Sleiman


Malindi, Unguja
2 Septemba 1996

Kaka Sleiman,

Hali zetu njema. Mvua ilipiga, paa la jikoni limevuja, tumeweka ndoo. Ndoo unazijua wewe.

Ushahidi wako huu hapa, una muhuri wa kadhi. Nilikuwa sijisikii vizuri, basi kenda Khalati Nasriya badala yangu. Nimemwambia tu, "Kaka Sleiman anataka uthibitisho wa mambo ya zimamoto," akajifunga buibui akatoka. Maneno ni yake, kadhi kayaandika kama yalivyo.

Masouda

(Karatasi iliyokuwa ndani)

Mimi, Nasriya binti Saleh, mkaazi wa Malindi, nathibitisha mbele ya kadhi kwamba Sleiman, mtoto wa dada yangu, si zimamoto, wala hakupata kuwa zimamoto. Katika ukoo wetu, upande wa mama na upande wa baba, hakuna aliyekamata watu wala kunyonya damu ya mtu. Sleiman tangu mdogo anakunywa chai ya maziwa. Wanaomsingizia haya wana husda, na Mwenyezi Mungu anawaona.


Hamriya
6 Oktoba 1996

Masouda!

Salamu baadaye. Umenifanya nini weye?

Nimeifungua ile karatasi mbele ya Mahfoudh kwa maringo, nikasema, "Haya, shahidi huyo, muhuri huo." Akaanza kuisoma kwa sauti, na wazee wa watu wamekaa foleni nyuma yangu. Alipofika kwenye damu, akaisogeza karatasi karibu na macho. Alipofika kwenye chai ya maziwa, akalaza kichwa juu ya meza, mabega yanamtikisika. Mie nimesimama pale natokwa na jasho na feni linazunguka juu yangu.

Nimesahau kabisa, na weye hukusahau! Khalati mpaka leo zimamoto kwake ni wale wa hadithi za utotoni, watu wa gari jekundu wanaomkamata mtu njiani wakamfyonza damu ikauzwe dawa. Si ndiye aliyekuwa akituingiza uvunguni likipita gari lolote jekundu? Hata la soda! Unamtuma mtu huyo akanithibitishie kuwa mimi ni zimamoto?

Sasa sikiliza maajabu. Mahfoudh alipoinua kichwa kafuta macho, akasema bibi yake kule Wete naye alikuwa akimficha. Kisha kaniambia, "Mzee Sleiman, hapa kila mtu kaletewa sifa. Sifa zinanunuliwa. Weye peke yako ukoo wako umekwenda kwa kadhi kukukana. Mtu hakanwi kwa jambo ambalo halikupata kusemwa juu yake." Akachukua kalamu akatafsiri kwa Kiarabu: shahidi, ambaye ni mama yake mdogo, anakiri kuwa mtaani alijulikana kwa jina la zimamoto, na ukoo haukuridhika. Uongo haumo humo hata chembe. Wiki ya pili nikaambiwa nimepita.

Basi nimepata, na sijui nimshukuru Khalati au nimshitaki. Lakini weye nakujua. Weye ulijua atakwenda kusema nini. Kwa nini ulitaka kunitia aibu?

Sleiman


Malindi, Unguja
24 Novemba 1996

Kaka Sleiman,

Hongera. Khalati nimemwambia umeshinda kesi, kasema alijua, haki haipotei.

Umeniuliza, basi usinikasirikie jibu. Ndiyo, nilijua. Nilimtuma makusudi. Barua yako ya kwanza niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena kumtafuta Badr. Hilal yumo. Ghulamu yumo, ambaye alikuwa akija na ndoo moja na malalamiko kumi. Mume wangu hayumo. Halwa ya khitma yake umeieleza vizuri, lakini mwenyewe kwenye kikosi hukumtia. Nikasema, ikiwa kaka yangu anaweza kumfuta aliyekuwa wa mbele yao wote, basi na yeye afutwe, aone ladha yake.

Na Sleyum! Sleyum mwenyekiti! Mie nilikuwa juu ya dari, Kaka, sauti zote nilizisikia. Mlikuwa mmeshatoka nyote watano. Sleyum kasimama njiani na kikoi chake analia, "Mwanangu yumo ndani! Mwanangu!" Badr hakuuliza, karudi. Na mwana mwenyewe alikuwa kasuku. Kasuku! Ndege kapita dirishani mwenyewe, kakaa juu ya waya wa umeme anajitia nadhifu, na mume wangu mkamtoa mmembeba kwenye blanketi.

Hukupata kuniuliza kwa nini nilirudi Unguja. Wote mlisema Masouda kashindwa na joto. Yule kasuku siku ile alishika neno. Mlivyokuwa mkimwita nyote kwa nje, "Badr, toka! Badr, toka!" akalishika. Kila nikipita mbele ya duka jipya la Sleyum naitiwa mume wangu kutoka kwenye tundu, na wateja wanacheka, wanampa mbegu. Nilivumilia miezi, nikachoka, nikafunga sanduku langu.

Sasa kaile pensheni yako kwa furaha.

Masouda


Hamriya
1 Disemba 1996

Mdogo wangu,

Barua yako imekuja na ndege moja kwa moja, wallahi laiti na hii ingeshuka Mombasa. Balqis kaniona naisoma akadhani kuna msiba. Nikamwambia upo, ila ni wa zamani.

Badr nilimwandika wa kwanza. Kabla ya jina langu mwenyewe, Masouda, kwa mkono wangu. Alikuwa karani mwengine wakati huo, si Mahfoudh. Akachukua karatasi akaingia nayo kwa mkubwa wake, akarudi na jibu. Kaniambia, "Hii ni pensheni, na pensheni ni ya mtu aliyestaafu. Huyu alikufa. Marehemu hakustaafu." Akampiga mstari wa wino mwekundu mbele ya macho yangu, kisha akaniuliza kama nataka maji ya kunywa.

Ningekuandikiaje hilo? Nikuandikie kuwa Sleyum kastaafu kukimbia na mumeo hakustaafu kufa? Nikaona bora nikae kimya, ufikiri nimemsahau, kuliko ujue mji mzima umemkumbuka kwa dakika moja kisha ukamfuta. Nililia njiani, mtu mzima na bisibisi mfukoni. Ya neno la kasuku nilikuwa siyajui. Kwamba Badr alirudi kwa ajili ya ndege yule, nnajua. Kwamba ndege alikuwa akimwita mpaka baadaye, sikuwa najua, na duka langu lipo mtaa wa tatu tu kutoka pale. Nimeona haya, Masouda. Nisamehe kwa hilo la kutouliza.

Sleiman


Malindi, Unguja
16 Februari 1997

Kaka Sleiman,

Eid Mubarak. Tumefunga salama, Khalati kafunga zote na kutuhisabia sisi wengine tulizokula. Nilichelewa kujibu kwa sababu kila nikianza natukana, na ilikuwa Ramadhani.

Nimekusamehe. Na wewe nisamehe ya kwa kadhi, ingawa nikikumbuka chai ya maziwa bado nacheka peke yangu juu ya cherehani.

Nimeyapima sana maneno ya mkubwa wako yule. Marehemu hakustaafu. Sawa, kasema kweli, ana elimu. Basi kamuulize swali langu, kwa heshima zote. Mtu ambaye hakustaafu, na hakuacha kazi, na hakufukuzwa, si bado yupo kazini? Badr aliingia mle kazini na mpaka leo hakuna aliyemwambia rudi nyumbani. Kama hawampi pensheni kwa kuwa hakustaafu, basi wampe mshahara wake wa miaka yote hii, na mie mkewe nipo hapa nimekaa, naupokea. Wachague wao lipi rahisi.

Wasomee kama nilivyoandika. Na mwenyekiti awepo.

Masouda


Hamriya
11 Mei 1997

Masouda, bibi wa mabibi,

Salamu zako zimefika, na fitina yako imefika.

Kamati ilikuwa inakaa kwa Sleyum mwenyewe, katandika mazulia, na kahawa, na matunda ya kukata. Nikaomba ruhusa nisome barua ya mjane. Mkubwa yule wa idara yupo, Mahfoudh yupo anaandika, Hilal na Ghulamu na Said wapo pembeni. Nikasoma, na Mahfoudh akitia Kiarabu nyuma yangu neno kwa neno, bila ya kutia chumvi, maana haikuhitaji. Nilipomaliza, mkubwa akaweka kikombe chake chini. Akasema taratibu, "Kwa kanuni, huyu mwanamke hakukosea."

Sleyum akaruka. "Ulimi gani huo wa mwanamke!"

Nikamwambia, "Wake umejifunza wenyewe, Sleyum. Wa kasuku wako ulifundishwa na nani?"

Basi. Sikusema zaidi. Kila mtu mle ndani alikuwa akilijua jambo lile, kwamba Badr kafia kasuku, na miaka yote hii wanakunywa kahawa yake na hakuna aliyelitamka. Ghulamu, unamjua, muoga wa Mungu na wa watu, ndiye aliyesema kwa sauti, "Mie nilimsikia akisema mwanangu. Mie pia ningerudi, lakini Badr alinipita." Akaanza kulia, mzee mzima, ndevu zote nyeupe. Sleyum kainuka. Kisha kasema ana kichwa kinamuuma, na jina lake walitoe kwenye waliojitolea, hana haja. Yaani safari hii tena kajitoa! Uenyekiti hakuuacha, usitarajie miujiza.

Waliyoamua ni haya: Badr kaandikwa wa kwanza kwenye kikosi, na mjane wake atalipwa pensheni yake maisha yake yote. Mshahara wa nyuma wamekataa, wamesema watafilisika. Sharti ni kwamba kila mwaka ulete karatasi ya kadhi kuwa uko hai. Nakuomba kwa jina la Mungu, nenda mwenyewe. Usimtume Khalati, ataapa kuwa hujapata kuzaliwa.

Kaka yako,
Sleiman


Malindi, Unguja
20 Julai 1997

Kaka Sleiman,

Hapa wazima. Paa la jikoni limezibwa, na ndoo imerudi kazi yake ya kufulia.

Imefika. Siyo nyingi, mafuta ya taa na sukari na kodi ya cherehani, na inabaki ya iliki. Kadhi kaniuliza, "Wewe ni hai?" Nikamwambia, "Inategemea siku." Kapiga muhuri.

Lakini nnakuandikia kwa sababu ya Khalati. Kaniona nimeishika bahasha nimekaa nayo ukumbini tangu asubuhi, kaniuliza ni ya nini. Nikasema, ya Badr. Akauliza, Badr kaacha nini huko? Siku zote nilimwambia alikufa kwa ajali, sikumwambia ajali gani, nilimuogopa yeye na lile neno lake. Leo nikamnong'oneza, asinisingizie kuwa hakusikia. Nikamwambia, "Khalati, mume wangu alikuwa zimamoto."

Akaniambia nikae vizuri nimueleze. Nikamueleza yote, ndoo, na dari, na Sleyum, na kasuku, na watu wa mtaa waliokaa kimya, na mstari mwekundu. Hakunikatiza hata mara moja, na unamjua yeye. Nilipomaliza kaiweka tasbihi chini. Nikadhani atanifukuza.

Kisha akasema, "Masha Allah, sisi tulidanganywa tangu utoto. Kumbe zimamoto hawanyonyi damu. Wao ndio wanaonyonywa."

Anataka kwenda tena kwa kadhi kurekebisha ile karatasi. Nimeshindwa kumzuia, keshavaa buibui.

Mdogo wako,
Masouda